Kabati la Chuma la Shemeji

Fordsburg, Johannesburg
3 Juni 2025

Dada Samira,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Luqman, simba wa Fordsburg, kijana anayewauzia mablanketi hata watu waliokuja kutafuta sufuria. Anuani yako mpya ya barua pepe nimeipata. Umesema WhatsApp tuiachie salamu tu, mambo yote tuandikiane huku. Haya mama, umeshakuwa Mjerumani, unataka barua yenye tarehe na jina chini kama ya serikali. Nimekaa kwenye kompyuta ya kukodi, jirani yangu ananuka vitunguu, nami nakuandikia kama mkuu wa wilaya. Herufi zangu usizicheke. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha miye, hilo tusibishane.

Habari ya huku: dukani kwa Naseeb tuliingiliwa mwezi uliopita. Mama usimwambie. Wanaume watatu, mchana kweupe, wateja wamejaa. Mmoja akanibandika bastola shavuni. Nikamkazia macho mpaka akaona haya mwenyewe. Sawa, sawa, nililala chini ya mablanketi, lakini nililala kwa ujasiri. Ruphin, yule mlinzi wetu Mkongo wa mlangoni, silaha yake ni rungu tu, naye akaliweka chini taratibu kama anaweka yai.

Basi nikasema eish, mwanamume sharti awe na chuma chake. Nikaenda kuuliza. Nikaambiwa kwa hii karatasi yangu ya kuomba hifadhi nisahau, leseni ya bunduki hapa ni ya raia na wenye ukaazi wa kudumu. Yuko jamaa kule Turffontein anauza bila maswali. Bado nafikiria.

Sasa mimi na Ruphin hatuelewani. Yeye anasema huko Ulaya bunduki unanunua kama mkate, unalipa unaondoka. Nikamwambia weye muongo, shemeji yangu Holger ni mwindaji Ujerumani, ana bunduki zake kabatini, nitamwuliza dada. Niandikie sheria yao yote nimfunge mdomo huyu mtu. Na kama ni rahisi nakuja huko, tunawinda nguruwe pori na shemeji. Miye siwali, nawapiga tu.

Shemeji mzima? Ijumaa hii hakunipigia. Nimekosa mtu wa kumtania.

Nduguyo,
Luqman


Ujerumani
11 Juni 2025

Mdogo wangu Luqman,

Kwanza, Turffontein usiende. Chuma cha namna hiyo kimeshaua mtu kabla hakijafika mkononi mwako, na polisi wakikukuta nacho hutapata hata nafasi ya kudanganya.

Pili, mwambie Ruphin ameshindwa. Huku hata uwe na fedha ya kununua duka zima, muuzaji hakupi kitu bila kibali. Ofisi ya silaha ya wilaya inataka kwanza useme unaihitaji silaha kwa kazi gani. Kuogopa wezi hakutoshi, maana kila mtu anaogopa wezi. Wengi wanaopata ni wawindaji na watu wa vilabu vya kulenga shabaha. Mwindaji anasoma, anafanya mtihani wa kuandika, wa kuulizwa kwa mdomo na wa kupiga risasi, na wengi wanafeli. Kisha wanakuchunguza kama umewahi kufungwa, kama una ugomvi, kama ni mlevi, kama akili imetulia. Aliye chini ya miaka ishirini na mitano anaweza kupelekwa kwa mtaalamu apimwe akili. Hapo ndipo safari yako ya nguruwe pori ingeishia.

Ukishapata kibali hujamaliza. Silaha inakaa kwenye kabati la chuma lenye kiwango chake, imetolewa risasi. Ufunguo ni wa mwenye kibali peke yake. Hata mke hatakiwi kuushika, hatakiwi hata kujua unakaa wapi. Mke akiweza kufungua lile kabati, basi kosa ni la mume. Na ofisi ina haki ya kuja kukagua bila kutoa taarifa. Wanagonga mlango, wanasema tuonyeshe. Wakikuta silaha inazurura nje ya kabati wanaweza kuzichukua zote, na kibali pamoja nazo, na mtu akishaonekana si wa kuaminika hatazipata tena kwa urahisi.

Holger yupo. Kiwanda chao kilifungwa mwezi wa pili, siku nyingi yuko nyumbani. Akikupigia, mtanie kama kawaida.

Simu yangu ina matatizo, ndiyo maana nakwambia uandike huku. Anuani hii naifungulia kazini, kwenye nyumba ya wazee.

Kula vizuri. Baridi ya huko naijua kwa kusikia tu lakini naiogopa.

Dada yako,
Samira


Fordsburg
20 Juni 2025

Dada wakili, dada jaji, dada mkuu wa majeshi,

Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, nimesimama juu ya marobota ya mablanketi. Wateja wakaacha kununua wakasikiliza. Nilipofika pale pa kupimwa akili nikaparuka, nikasema "na kadhalika". Naseeb akaniuliza hii umeitoa wapi, nikamwambia kwetu tuna damu ya sheria.

Ruphin kakubali kashindwa, ila unajua Wakongo, hawashindwi bila kuacha neno. Tulipofunga duka tukawa tunangoja robot, huku ndiyo taa za barabarani, igeuke kijani tuvuke, akaniambia, "Petit, mudogo wangu, ile dada yako kazi yake ni kuogesha wazee. Nani alimufundisha fasi ya kuficha ufunguo?"

Nikamwambia mumewe mwindaji, atakosaje kujua.

"Muke wa fundi gari anajua bei ya gari. Hajui sheria ya breki."

Nikamwambia Ruphin weye mlinzi, unalinda mpaka barua za watu! Akacheka, lakini alicheka kidogo.

Hebu niambie basi nimjibu. Umeamua kufanya ule mtihani? Nakuona msituni na hijabu ya kijani na bunduki begani, nguruwe wote wanasilimu wenyewe.

Turffontein nimeacha. Yule jamaa nilienda kumtazama tu. Ana meno ya dhahabu na mikono inatetemeka. Nikajisemea huyu mwenyewe anahitaji kulindwa.

Shemeji alinipigia juzi. Nikamwita mla viazi, akaniita mla mihogo, kile Kiswahili chake alichojifunza kwetu Tanga bado kipo lakini kimevunjika miguu. Hakukaa sana kwenye simu. Alinuna? Au ndiyo njaa ya kukosa kazi?

Wako mwenye akili zilizotulia,
Luqman


Ujerumani
8 Julai 2025

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu wiki zote hizi nilipangiwa zamu nyingi. Hapana, sifanyi mtihani.

Ruphin ni mtu wa macho. Msalimie.

Nakuandikia haya wewe kwa kuwa baba hayupo. Holger ana bunduki mbili ndefu na bastola moja. Kwa muda mrefu zote zilikuwa kabatini, na ufunguo sikuujua. Tangu kiwanda kifungwe bastola imetoka. Inalala kwenye droo ya upande wake wa kitanda, na risasi zimo. Asubuhi anaisafisha mezani, pale pale ninapoweka chai. Hajanipiga, usinielewe vibaya, hajawahi hata kuniinulia sauti. Anasafisha, anaitazama, kisha ananitazama mimi. Ufunguo wa kabati ameutundika jikoni, karibu na kalenda, kana kwamba anataka niuone.

Nilimwambia mara moja, Holger, hiyo ikae ndani. Akaniuliza, unamwogopa nani?

Nasikia watu wa ofisi ya silaha watapita mitaa yetu mwezi huu kukagua. Wakikuta hali hii, basi.

Mama usimwambie lolote. Nakuomba tu ujue.

Samira


Fordsburg
14 Julai 2025

Dada Samira,

Kazi imekwisha! Andaa biriani, nitumie picha yake nile kwa macho.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza sikuelewa. Nikairudia. Nilipofika pale uliposema "kwa kuwa baba hayupo", nikasema Luqman, umeitwa. Unakumbuka shangazi Biubwa alipochoshwa na mumewe? Hakumkabili mwenyewe. Alikuja nyumbani akamlalamikia baba kwamba bati la jikoni linavuja, hakusema jingine, na baba akavaa kanzu yake jioni ile ile akaenda kumwona shemeji yake. Mwanamke wa kwetu hamkosoi mumewe usoni. Anamwambia kaka, na kaka anakwenda kumaliza na shemeji yake kiume, kwa utani, bila kuvunjiana heshima. Baba hayupo, kanzu nimeivaa mimi.

Ijumaa baada ya sala nikampigia. Nikamwambia, "Shemeji mla viazi, nasikia siku hizi unalala na mke wa pili, wa chuma!"

Akacheka. Akasema, "Nini hiyo, mke wa chuma?"

Nikamwambia, "Yule wa kwenye droo. Mrudishe kabatini kaka, wageni wa serikali wanakuja mwezi huu, watakunyang'anya wake wote watatu! Na ule ufunguo utoe jikoni, hujui kama ni kosa?"

Nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, "Nani amesema wanakuja?"

Nikamwambia, "Dada yangu huyo! Anaijua sheria yenu kuliko wewe uliyefanya mtihani. Umeoa wakili, shemeji, hukujua?"

Akasema, "Ndiyo. Sikujua." Akanishukuru, wallahi. Akasema, "Asante, shemeji, wewe ni ndugu wa kweli."

Umeona? Mimi ndiye Luqman. Bila ugomvi, bila kikao, mumeo kaokoa kibali chake na wewe umepata usingizi wako. Ruphin nilipomsimulia hakucheka. Akasema, "Ndugu, andika ile dada yako leo. Leo, si kesho." Ndiyo maana nakuandikia haraka. Hawa Wakongo hawapendi kuona Mswahili amefaulu.

Kaka yako mdogo mwenye kanzu kubwa,
Luqman


Ujerumani
29 Julai 2025

Luqman,

Walikuja jana.

Walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume, wenye adabu. Walikuta bastola kabatini, bila risasi, imepakwa mafuta. Ufunguo hakuna aliyeuona ulikotoka. Jikoni penye msumari palikuwa na kitambaa cha kufutia vyombo. Holger aliwapa kahawa. Yule mwanamke alisema angependa wawindaji wote wawe hivi. Kisha akanitazama mimi muda mrefu, nami sikuwa na kitu cha kumwonyesha.

Mimi ndiye niliyewaita. Nilikwenda ofisini kwao mwanzo wa mwezi, nikakaa mbele ya meza yao na Kijerumani changu hiki, nikaeleza. Wakaniambia nenda nyumbani, usiseme kitu, tutapita bila taarifa. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mpaka wafike.

Sikukutuma kwake. Nilitaka tu mtu mmoja wa kwetu ajue, nikipatwa na jambo asiwepo wa kusema Samira alijikwaa.

Walipoondoka alikaa mezani akaosha vile vikombe vya kahawa, yeye asiyeosha kikombe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Kitu gani kingine umemwambia kaka yako?"

Sikulaumu. Ulifanya kama baba angefanya. Lakini usimpigie. Akikupigia, usipokee.

Samira


Fordsburg
29 Julai 2025

Dada,

Toka. Usichukue nguo. Toka sasa hivi uende kazini kwako ukae kwa wale wazee, nitakuja, sijui nitakujaje lakini nitakuja. Nisamehe. Nijibu.

Luqman


Fordsburg
6 Agosti 2025

Dada Samira,

Simu yako haiiti. Nimepiga mpaka mwenye kibanda cha simu ameniuliza kama nadaiwa na mwanamke.

Shemeji amepiga mara nyingi. Sipokei. Nikiliona jina lake naitia simu mfukoni.

Ruphin amempata padri wa kanisa lao ambaye ana ndugu huko Ujerumani. Ndugu huyo anasema iko namba ambayo wanawake wanapiga wakiwa kwenye hali kama yako, mchana na usiku, na unaweza kuzungumza lugha nyingi. Ni 116 016. Nimeandika hapa, ila nimekaa na swali: kama hii barua anaisoma yeye? Dada, kama ni yeye anayesoma: Holger, Mungu anakuona.

Kama ni wewe, nijibu neno moja.

Luqman


Fordsburg
17 Septemba 2025

Dada,

Sina jipya. Nauza mablanketi kimya. Naseeb ameniuliza kama naumwa, akasema duka limekuwa kama msiba. Jana alikuja mteja mmoja Mtanzania, bwana mzima, akanitania mimi Mdigo. Nilimfungia blanketi lake nikamwambia karibu tena.

Mama ananiuliza habari zako kila siku. Namwambia mtandao.

Luqman


19 Novemba 2025

Mdogo wangu Luqman,

Mimi mzima. Soma tena hilo neno halafu upumue.

Nilitoka mwezi wa nane, mchana, nikiwa na mfuko wa taka mkononi. Niliupitisha pipani nikaendelea kutembea. Mtu mmoja wa kazini alikuwa ananingoja barabarani. Niko kwenye nyumba ya wanawake. Kila mmoja hapa anaogopa mtu wake, na kila mmoja amekatazwa kusema mahali nyumba ilipo, hata kwa mama mzazi. Jikoni tunapika zamu kwa zamu. Wasyria wanaweka ndimu kila mahali.

Nimekwenda mahakamani. Amepewa amri asinikaribie. Kuhusu silaha, wanasema wanachunguza. Hakuna alichokutwa nacho nje ya kabati, na ile siku ya ukaguzi imeandikwa kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Kwa hiyo mpaka leo anazo zote tatu, na ruhusa yake ni halali. Wakati mwingine nazisikia zikifungwa na kufunguliwa, na nyumba ile iko mbali.

Sitakwambia niliko. Si kwa sababu nimekukasirikia. Nimekukasirikia, lakini si kwa sababu hiyo. Ni kwa sababu wewe ukilijua jambo linakuwasha mpaka litoke, na yeye anajua namna ya kukukuna.

Theluji ya kwanza imeanguka leo. Watoto wa hapa wametoka nje bila viatu, mama zao wanawapigia kelele kwa lugha saba.

Mwambie mama nipo hai. Usimwambie zaidi.

Samira


Fordsburg
28 Novemba 2025

Dada yangu Samira,

Nimesoma hilo neno, nimepumua. Ruphin nilimwonyesha mstari ule mmoja tu, mwingine sikumwonyesha. Alivua kofia yake ya ulinzi, akaishika kifuani mbele ya wateja.

Sasa nisikilize. Nitakueleza kitu bila kukiongeza chumvi.

Jana nilipokea simu. Namba siijui, nikadhani mteja. Kumbe yeye. Hakufoka. Alikuwa analia, dada, kilio cha mtu mzima. Akaniita shemeji. Akasema, "Mimi sitaki kujua mji. Mji weka wewe. Niambie tu yeye yuko na koti. Aliacha koti nyumbani." Nikahamisha simu sikio la pili. Akasema, "Wewe ndugu wa kweli. Sema tu, huko aliko theluji iko tayari? Hapa bado. Mimi nataka kutuma koti, basi."

Nilikuwa na barua yako kichwani. Neno lilifika hapa kwenye meno. Ungeniona, mimi mwenye maneno ya kujaza gunia, nimejishika mdomo kwa mkono kama mtoto. Nilikuwa karibu kumwonea huruma. Nikafikiria nchi nzima ya huko, wapi pameanguka na wapi bado, na mtu mwenye gari na bunduki zake tatu za halali amekaa mbele ya ramani.

Nikamwambia sijui. Akasema, "Wewe unajua, wewe kila siku unajua." Nikamwambia tena sijui, nikakata. Kisha nikarudi kukunja mablanketi.

Alimpigia mama kwanza, siku chache kabla yangu. Mama amelia naye. Mama anasema namficha mke wa mtu, kwamba mume anayetuma koti si mume wa kukimbiwa. Amesema nisipomwambia uliko nisimpigie tena. Nilimwambia uko hai. Akasema kama najua uko hai basi najua uko wapi. Mama hajanipigia tangu siku hiyo, na mimi nikipiga haipokelewi.

Basi dada, usiniambie kitu. Hata nikikuomba, hata nikikulilia, hata nikikuandikia kwamba nimebadilika. Mahakama gani, usiseme. Wanawake wanatoka nchi gani, usiseme. Barua yako nimeifuta, na ile theluji najitahidi kuisahau. Niandikie umekula, niandikie umelala. Lakini usiniandikie hata kama huko kunanyesha.

Nduguyo,
Luqman